Kuchagua na Kubandika Vinia: Mfano wa Ukarabati wa Gari la Kale

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa unatarajiwa uweze:
(a) kueleza vinia ni nini na kwa nini hutumika badala ya mbao nzima;
(b) kutaja sababu za vinia kuharibika ndani ya gari;
(c) kuchagua vinia inayofaa na kukokotoa kiasi kinachohitajika;
(d) kufafanua hatua za kubandika na kumalizia, ukitoa sababu ya kila hatua;
(e) kumshauri mteja kati ya kutengeneza vinia ya zamani na kuweka mpya.

Watahiniwa wengi huikariri mada hii kama orodha: safisha, paka gundi, bandika, bana, piga msasa. Swali likiuliza "kwa nini", wanakwama. Ndiyo maana hapa tunatumia mfano wa dashibodi na milango ya gari la kale. Meza ya sebuleni yenye kasoro ndogo ya vinia inaweza kukaa miaka mingi bila mtu kugundua. Ndani ya gari kuna jua, joto, unyevu na mtikisiko, na kasoro hujitokeza mapema. Ukielewa kwa nini vinia inashika au inabanduka ndani ya gari, utajibu swali lolote la vinia, liwe la kabati, mlango au meza.

1. Vinia ni nini?

Vinia ni karatasi nyembamba ya mbao halisi inayobandikwa juu ya ubao mwingine ili kuupa sura nzuri. Ubao unaobeba vinia tutauita ubao wa msingi. Vinia nyingi za siku hizi zina unene wa milimita 0.5 hadi 0.7. Vinia za zamani mara nyingi zilikuwa nene kidogo, na zile zilizopasuliwa kwa msumeno zilifika milimita moja au zaidi.

Kuna njia kuu tatu za kupata vinia kutoka kwenye gogo:

(i) Kumenya. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, na karatasi hutoka mfululizo kama ganda la chungwa linapomenywa. Njia hii haipotezi mbao nyingi, ila nakshi yake hupanuka na mara nyingi haivutii. Ndiyo hutumika zaidi kutengeneza plaiwudi.

(ii) Kukata kwa kisu bapa. Kipande cha gogo hulainishwa kwa maji ya moto au mvuke, kisha hukatwa karatasi moja moja. Karatasi hupangwa kwenye bunda kwa mfuatano uleule zilivyotoka kwenye gogo. Mfuatano huu ni muhimu sana, nasi tutaurudia.

(iii) Kupasua kwa msumeno. Vinia hutoka nene na imara, lakini mbao nyingi hugeuka kuwa vumbi.

Kwa nini basi watengenezaji wa magari ya kifahari hawakutumia mbao nzima? Sababu ni tatu. Kwanza, nakshi nzuri kuliko zote hutoka kwenye nundu za mti, yale mavimbe yanayoota shinani au kwenye shina. Nyuzi za nundu hujizungusha kila upande, hivyo mbao yake haina nguvu na hupasuka ovyo ikitumika nzima. Ikikatwa nyembamba na kubandikwa juu ya ubao imara, udhaifu huo huondoka. Pili, nundu ni chache na ghali. Nundu moja ikikatwa vinia hutosha kazi nyingi. Tatu, karatasi zilizofuatana hufanana, hivyo fundi anaweza kuzipanga zilingane kushoto na kulia.

Magari ya Uingereza yanajulikana sana kwa kazi hii. Jaguar Mk 2, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1959 na 1967, ilikuwa na vinia ya mti wa jozi, ambao mafundi huuita wolnati, kwenye dashibodi na sehemu za juu za milango. Magari ya Rolls-Royce na Bentley yalitumia sana vinia ya nundu za wolnati. Ujerumani nako, Mercedes-Benz iliweka vinia ya zebrano kwenye baadhi ya magari yake ya miaka ya 1980. Zebrano ni mti wa Afrika, unaoota Kamerun na Gabon, na mistari yake myeusi na ya rangi ya kahawia isiyokolea inakumbusha ngozi ya punda milia.

Hapa kwetu magari ya namna hii yapo. Kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Nairobi hufanyika mashindano ya kila mwaka ya magari yaliyotunzwa vizuri, yaitwayo Concours d'Elegance. Magari hayo yanahitaji mafundi, na fundi wa mbao ni mmoja wao.

2. Mambo yanayoharibu vinia ndani ya gari

Unyevu. Mbao hunyonya na kutoa unyevu kulingana na hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huipa mbao unyevu wa asilimia 12 hivi; hewa ikifika asilimia 80, mbao hufika karibu asilimia 16. Mbao inaponyonya huvimba, inapokauka husinyaa. Zingatia: mbao haibadiliki kwa kiasi cha maana kufuata urefu wa nyuzi. Inavimba na kusinyaa kwa upana. Gari lililokaa Tanga au Mombasa kisha likahamishiwa Dodoma au Nakuru hukutana na hewa kavu zaidi, na vinia iliyobandikwa vibaya hufanya nyufa zinazofuata nyuzi.

Joto. Gari lililofungwa vioo juani hupata joto kali, na dashibodi iliyo chini ya kioo cha mbele hupata zaidi ya sehemu nyingine. Gundi zinazolainika kwa joto huachia, na vinia hutoa mapovu au viungo vyake hufunguka.

Mwanga wa jua. Mionzi ya jua hubadilisha rangi ya mbao na kuivunjavunja laki hadi inapasuka na kuwa ya njano. Wolnati hupauka inapokaa kwenye mwanga kwa miaka mingi, wakati mkangazi huelekea kukolea. Kumbuka tofauti hii. Itatusaidia katika kuchagua.

Maji. Mpira wa kioo cha mbele ukichakaa, maji ya mvua hupenya na kushuka nyuma ya dashibodi. Plaiwudi huvimba, matabaka yake huachana, na vinia hupata madoa meusi.

3. Kukagua kabla ya kung'oa

Hapa ndipo fundi mzuri anapotofautiana na fundi mwenye haraka. Vinia ya kiwandani ikishang'olewa hairudi. Thamani ya gari la kale inatokana kwa sehemu kubwa na vitu vyake vya asili, kwa hiyo kila kipande kinachoondolewa bila sababu ni hasara ya mwenye gari.

Fanya ukaguzi kwa mpangilio huu:

(i) Ondoa waya wa betri, kisha toa saa za dashibodi na swichi. Piga picha na weka alama kwenye kila waya.

(ii) Toa vipande vya mbao na uviandike nyuma kwa penseli: kushoto mbele, kulia nyuma, na kadhalika.

(iii) Gonga vinia polepole kwa kucha. Mahali palipoachia hutoa sauti ya uwazi, kama debe tupu.

(iv) Tazama kama tatizo liko kwenye laki tu, kwenye vinia, au kwenye ubao wa msingi.

Matokeo ya ukaguzi hukupeleka kwenye uamuzi. Kama laki ndiyo iliyopasuka na vinia ni nzima, ondoa laki na upake upya. Kama kuna povu, lichane kwa kisu kikali kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, weka karatasi yenye nta juu yake na ubane. Kama kipande kidogo kimekatika, kata kiraka chenye nakshi inayofanana. Kiraka chenye kingo za kupindapinda zinazofuata nakshi hakionekani kwa urahisi, lakini cha mraba huonekana mara moja. Ni pale tu vinia ilipooza, imepotea au ubao wa msingi umeachana ndipo tunabandika vinia mpya.

4. Kuchagua vinia mpya

Usichague vinia kwa jina la mti peke yake. Angalia mambo matano.

Aina ya mti na sehemu yake. Wolnati ya shina ina mistari mirefu. Wolnati ya nundu ina madoadoa na mizunguko. Zote ni wolnati, lakini haziwezi kukaa pamoja kwenye dashibodi moja.

Rangi chini ya laki. Vinia kavu hudanganya. Ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti na uitazame ikiwa bado imelowa. Hiyo ndiyo rangi itakayoonekana baada ya kupakwa laki. Ilinganishe na vipande vya zamani ukiwa nje kwenye mwanga wa mchana. Kwa kuwa wolnati ya zamani imepauka, wolnati mpya itaonekana imekolea zaidi. Ukichagua mpya iliyokolea sana, hakuna rangi ya kupaka itakayoipausha. Chagua iliyo nyepesi kidogo, kisha ukolee taratibu kwa rangi ya mbao.

Mfuatano. Nunua karatasi zilizotoka bunda moja na zikiwa na namba za kufuatana. Karatasi mbili zilizofuatana zikifunuliwa kama kurasa za kitabu, nakshi ya kushoto hugeuka kivuli cha ile ya kulia. Mpangilio huu huitwa ulinganishaji wa kitabu, na ndio unaoonekana kwenye dashibodi nyingi za kifahari. Mstari wa kukutana huwekwa katikati kabisa ya kipande.

Unene. Vinia mpya ikiwa nyembamba kuliko ya zamani, kiraka kitakuwa na bonde. Ikiwa nene, kitakuwa na kilima. Pima kabla ya kununua.

Kiasi. Nakshi ya nundu ina matundu na nyufa, hivyo upotevu ni mkubwa. Tazama mfano huu.

Mfano wa kukokotoa: Dashibodi ina urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.25. Kuna vipande vinne vya milango, kila kimoja mita 0.9 kwa mita 0.08. Ongeza asilimia 50 kwa ajili ya upotevu na kulinganisha nakshi. Unahitaji vinia kiasi gani?

Eneo la dashibodi = 1.2 × 0.25 = mita za mraba 0.300
Eneo la milango = 4 × 0.9 × 0.08 = mita za mraba 0.288
Jumla = 0.588
Pamoja na upotevu = 0.588 × 1.5 = mita za mraba 0.882

Mtahiniwa anayesahau upotevu hupata jibu la 0.588 na kupoteza alama. Fundi anayeusahau hupungukiwa katikati ya kazi, na bunda lile huenda limeshauzwa.

5. Kuandaa vinia na ubao wa msingi

Vinia ya nundu hufika ikiwa imejikunja na ni rahisi kuvunjika. Ukiibana ikiwa kavu itapasuka. Inyunyizie maji yaliyochanganywa na gliserini kidogo, iache ilainike, kisha iweke kati ya karatasi safi zisizo na maandishi na ubao wenye uzito juu. Badilisha karatasi mpaka vinia ikauke na kunyooka. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Usitumie gazeti, kwa sababu wino wake unaweza kuhamia kwenye vinia.

Ubao wa msingi uwe mkavu, bapa na msafi. Ondoa gundi yote ya zamani. Gundi ya wanyama, ile inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa, hulainika kwa joto na unyevu. Weka kitambaa chenye unyevu na upitishe pasi ya moto, kisha inua vinia kwa kisu bapa. Ihifadhi vinia ya zamani hata kama imeharibika, kwani matundu yake ya saa na swichi ni kiolezo chako. Ziba mashimo kwa kijazi na usawazishe. Kumbuka kuwa vinia ya milimita 0.6 haifichi kitu: shimo, chembe ya mchanga au alama ya msumari itaonekana juu baada ya laki kung'aa.

Kanuni mbili za kukariri pamoja na sababu zake:

Kanuni ya kwanza: nyuzi za vinia zipite kwa kukatiza nyuzi za tabaka la juu la plaiwudi. Sababu: tabaka la chini huizuia vinia isivimbe na kusinyaa kwa upana, hivyo nyufa hupungua.

Kanuni ya pili: bandika vinia pande zote mbili za ubao. Sababu: upande mmoja tu ukibandikwa, vinia inapokauka huvuta ubao na kuupinda kama bakuli. Vinia ya nyuma huleta mvuto wa upande wa pili. Si lazima iwe ya gharama, lakini unene wake ukaribiane na wa ile ya mbele.

6. Kuunganisha, kupaka gundi na kubana

Kata vinia kwa kisu kikali ukitumia rula ya chuma. Pitisha kisu mara kadhaa kwa nguvu ndogo. Ukikandamiza mara moja, kisu hufuata nyuzi na kutoka kwenye mstari. Nyoosha kingo mbili zinazokutana kwa kuzibana pamoja kati ya mbao mbili na kupitisha randa. Ziunganishe kwa utepe wa karatasi wenye gundi ya maji, upande wa mbele. Utepe huo hubanana unapokauka na kuvuta kiungo kifunge. Utaondolewa baadaye kwa kuuloweka kidogo.

Kuchagua gundi ni swali linaloulizwa mara kwa mara. Jilinganishie:

Gundi ya wanyama inaweza kufunguliwa tena, jambo zuri kwa ukarabati, lakini hulainika kwa joto na unyevu.
Gundi nyeupe ya mbao ni rahisi kupata na kutumia, lakini nayo hulainika kwenye joto kubwa.
Gundi ya kugusanisha, inayopakwa pande zote mbili na kushika mara moja, haikupi nafasi ya kurekebisha, na kwenye joto huteleza polepole.
Gundi ya yurea fomaldehaidi na epoksi huganda kwa mabadiliko ya kikemikali. Zikishaganda, joto la kawaida la gari haliziyeyushi tena.

Kwa hiyo, kwa dashibodi inayopigwa na jua, gundi za kundi la mwisho zinafaa zaidi. Epoksi inaweza kupenya matundu ya vinia ya nundu na kuacha madoa, kwa hiyo usiipake nyingi.

Paka gundi kwenye ubao wa msingi kwa rola, tabaka jembamba na sawasawa. Usipake gundi ya maji kwenye vinia, kwa sababu vinia itavimba na kujikunja kabla hujaiweka. Weka vinia, funika kwa nailoni ili gundi inayopenya isishike, weka ubao mnene wa kubania, kisha kaza vibano ukianzia katikati kuelekea kingoni. Ukianza kingoni unafungia gundi na hewa katikati, na hapo ndipo povu litakapotokea.

Kipande chenye mbonyeo hakibaniki vizuri kwa ubao bapa. Tumia mfuko wa mchanga wenye moto kiasi, au mfuko wa ombwe. Mfuko wa ombwe ni mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Pampu ikinyonya hewa iliyomo ndani, kani ya hewa ya nje hukandamiza kila sehemu kwa usawa.

Mfano wa kukokotoa: Pampu imeleta tofauti ya kanieneo ya paskali 80,000. Dashibodi ina eneo la mita za mraba 0.3. Tafuta nguvu inayokandamiza vinia.

Nguvu = kanieneo × eneo = 80,000 × 0.3 = nyutoni 24,000

Ukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kilo, nguvu hiyo ni sawa na uzito wa kilo 2,400, yaani zaidi ya tani mbili. Hakuna mkono wala jiwe litakalokupa nguvu hiyo kwa usawa namna ile.

Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha subiri hadi siku ya pili kabla ya kukata kingo. Kata matundu ya saa ukianzia upande wa vinia. Ukitumia tupa, isukume kuelekea kwenye ubao wa msingi tu. Ukiirudisha kwa nguvu itainua vinia.

7. Kumalizia

Ondoa utepe, kisha piga msasa namba 180, 240 na 320 kwa mfuatano huo. Funga msasa kwenye kibao bapa na ufuate nyuzi. Usitumie mashine ya msasa wa mkanda. Vinia ya milimita 0.6 ikipoteza milimita 0.2, imebaki na 0.4, kingoni, ambako mkono hukandamiza zaidi, hiyo 0.4 inaweza kwisha kabla hujatambua. Ukiona rangi ya ubao wa msingi inajitokeza, umechelewa.

Jaribu rangi ya mbao kwenye kipande kilichobaki, ukipake na laki juu yake, kabla ya kugusa dashibodi. Baada ya rangi, ziba vinyweleo vya mbao kwa kijazi, kisha paka laki matabaka kadhaa membamba, kila moja likauke kwanza. Magari mengi ya miaka ya 1950 yalipakwa laki ya selulosi. Ukitaka kazi idumu juani, chagua laki yenye kinga dhidi ya mionzi ya jua. Mwisho, lainisha kwa msasa wa maji namba 1000 au zaidi na ung'arishe kwa dawa ya kung'arishia.

8. Usalama

Vumbi la mbao likivutwa kwa miaka mingi linaweza kusababisha saratani ya pua, vaa barakoa. Dawa ya kuondoa laki na laki yenyewe hutoa mvuke wenye sumu na unaowaka. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, ukiwa na glavu na miwani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze vikauke au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

9. Mfano wa swali na jibu

Swali: Mteja ameleta Jaguar Mk 2 ya mwaka 1962. Maji yamepenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na kuozesha vinia ya dashibodi upande wa abiria. Vipande vingine ni vizima ila vimepauka na laki imepasuka. Mteja anataka vinia yote ing'olewe, iwekwe mpya. Utamshauri nini? Toa sababu. (alama 10)

Jibu dhaifu: "Nitamwambia nitang'oa vinia yote na kuweka mpya kwa sababu mteja ndiye bosi." Jibu hili halina ufundi ndani yake, na linaharibu vipande vizima.

Jibu lenye alama nyingi: Kwanza, nitamshauri abadilishe mpira wa kioo kabla ya kazi yoyote ya mbao, kwa sababu bila hivyo vinia mpya itaoza kama ya kwanza. Pili, nitamwonyesha kwamba milango na upande wa dereva vina tatizo la laki tu. Vinia yake ya asili inaweza kusafishwa na kupakwa upya, na hivyo gari litabaki na thamani yake. Tatu, kipande kilichooza kitabanduliwa, ubao wa msingi utatengenezwa, na vinia mpya ya wolnati itachaguliwa kwa kulinganisha nakshi na rangi ikiwa imeloweshwa spiriti. Itakuwa nyepesi kidogo ili ikolezwe hadi ifanane. Nne, nitamweleza bila kuficha kwamba mtu mwenye jicho kali huenda akaona tofauti ndogo. Kama mteja hataki tofauti hata ndogo, basi dashibodi nzima ibandikwe karatasi za bunda moja, milango iachwe, na vinia ya zamani akabidhiwe aitunze.

Angalia kwamba ushauri huu unampa fundi kazi ndogo na malipo madogo kuliko kung'oa yote. Ndiyo sababu swali lina alama 10: linapima kama mtahiniwa anaweza kuitetea kazi iliyo sahihi hata pale mteja mwenyewe anapoomba isiyo sahihi na malipo yake ni makubwa zaidi.

10. Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini nundu ya mti haifai kutumika kama mbao nzima lakini inafaa kuwa vinia. (alama 4)
2. Ubao uliobandikwa vinia upande mmoja umepinda baada ya wiki mbili. Taja chanzo na namna ya kuzuia. (alama 4)
3. Linganisha gundi ya wanyama na epoksi kwa kazi ya dashibodi. Toa hoja mbili kwa kila moja. (alama 4)
4. Kabati lina milango miwili, kila mmoja mita 1.5 kwa mita 0.4. Kokotoa vinia inayohitajika kwa pande zote mbili za kila mlango, ukiongeza asilimia 25 ya upotevu. (alama 4)
5. Povu limetokea katikati ya ubao baada ya kubana. Taja sababu mbili zinazowezekana na ueleze jinsi ya kulirekebisha bila kung'oa vinia. (alama 5)

Jibu la swali la 4: 1.5 × 0.4 = 0.6; mara pande mbili na milango miwili = 2.4, 2.4 × 1.25 = mita za mraba 3.0. Ukipata 1.5, umesahau vinia ya nyuma. Rudi kwenye kanuni ya pili ya kipengele cha 5.